Vipande vya Dhahabu vya Kupimia Raman: Tathmini Baada ya Miezi Sita Maabarani

Mapema mwaka huu maabara yetu ya kemia jijini Dar es Salaam ilinunua pakiti mbili za vipande vya kupimia Raman, kila pakiti ikiwa na vipande 10, kutoka kwa mtengenezaji mmoja wa Ulaya. Sitamtaja jina, kwa kuwa ninayoyaeleza hapa yanahusu bidhaa ya aina hii kwa jumla, na wanaoitengeneza ni wengi. Kazi ya vipande hivyo ni moja: kuukuza mwanga hafifu wa Raman, yaani mwanga uliobadilika rangi kidogo baada ya kuipiga molekuli, unaotoka kwenye molekuli zilizogusana na dhahabu, hadi uweze kusomwa na kifaa kidogo cha kubebwa mkononi. Nimevitumia kwa miezi sita pamoja na wanafunzi wangu wawili wa uzamili na fundi wetu wa maabara. Kwa kuwa wenzangu wa vyuo vingine wameniuliza mara kadhaa kama gharama yake inastahili, nimeona niandike niliyoyaona, mazuri na mabaya, kwa kirefu kinachotosha mtu kuamua mwenyewe.

Jibu langu ni kwamba bidhaa ni nzuri, tena nzuri kuliko nilivyotarajia, lakini anayeichagua kwa kufuata namba kubwa ya ukuzaji iliyochapishwa kwenye karatasi ya matangazo atakuwa ametazama mahali pasipo. Mambo mawili yanayostahili kulipiwa ni usafi wa dhahabu kabla ya kuwekewa chochote, na ulinganifu wake kutoka nukta moja ya kipande hadi nyingine. Nitayarudia yote mawili, ila kwanza sina budi kueleza kipande chenyewe kinafanya nini, maana malalamiko mengi niliyoyasikia juu ya bidhaa hizi yanatoka kwa watu waliovitumia bila kulijua hilo.

Mwanga wa rangi moja unapoipiga molekuli, karibu wote hutawanyika ukiwa na rangi ileile uliyokuja nayo. Sehemu ndogo mno, inayokadiriwa kuwa fotoni (chembe ya mwanga) moja katika kila milioni kumi hivi, hutoka ikiwa na rangi iliyobadilika kidogo, kwa sababu molekuli imejitwalia kiasi cha nishati kinacholingana na mmojawapo wa mitetemo yake. C. V. Raman na K. S. Krishnan waliuonyesha mtawanyiko huo huko Calcutta mwaka 1928, na miaka miwili baadaye Raman akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kwa mkemia, faida yake ni kwamba kila molekuli hutetemeka kwa mpangilio wake, hivyo vilele vya spektra, yaani mchoro unaoonyesha nguvu ya mwanga wa kila rangi, huitambulisha bila kuiharibu. Hasara yake ni huo udhaifu. Molekuli zilizotandazwa juu ya metali kwa tabaka moja tu ni chache mno, na kwa hesabu za kawaida hazikutarajiwa kuonekana kabisa.

Zikaonekana. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walichukua elektrodi ya madini ya fedha, wakaiparuza kwa njia ya umeme kwa kuioksidisha na kuirejesha tena na tena, wakaiweka ndani ya maji yenye piridini (kemikali ya kimiminika yenye naitrojeni), na vilele vya piridini vikajitokeza wazi. Wao walidhani kwamba kuparuza kumeongeza eneo la fedha, na kwa hiyo idadi ya molekuli zilizoshikwa. Mwaka 1977 vikundi viwili visivyoshirikiana, cha Jeanmaire na Van Duyne katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na cha Albrecht na Creighton katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, vilionyesha kwamba eneo peke yake haliwezi kueleza ukuzaji wa mara laki moja hadi milioni moja. Metali yenyewe ilikuwa inaukuza mwanga.

Inaukuza kwa sababu elektroni huria za fedha na dhahabu huyumba kwa pamoja mwanga wenye mdundo unaozifaa unapozifikia, mfano wa maji ya ndooni yanayotikiswa kwa mwendo wake hadi yakaribie kumwagika. Panapokuwa na ncha, au ufa wa nanomita chache kati ya chembe mbili, nguvu ya uga wa umeme hujikusanya hapo. Molekuli iliyoangukia ndani ya ufa huo hupigwa na uga mkubwa, na mwanga inaoutoa nao hukuzwa unapotoka, ndiyo maana ukuzaji hukua kwa kipeo cha nne cha uga: uga ukiongezeka mara 10, mwanga wa Raman huongezeka kama mara 10,000. Upande wa pili wa habari hiyo njema ni kwamba nguvu hii hufifia upesi sana kwa umbali. Kilicho nanomita chache tu juu ya metali hakipati karibu chochote. Msomaji anayefikiria kununua bidhaa hii na ashike hilo kuliko yote, kwa kuwa maana yake ni kwamba kifaa hakikuonyeshi kilichomo ndani ya sampuli. Kinakuonyesha kile kilichowahi kufika na kukaa juu ya dhahabu.

Vipande tulivyonunua ni vijipande vya silikoni vyenye upana wa milimita chache, vilivyobandikwa kwenye kioo cha darubini. Uso wake umejaa nguzo nyembamba mno zilizovishwa dhahabu. Ukidondosha tone la sampuli likakauka, mvutano wa kimiminika huziinamisha nguzo zikakutana vichwa, na molekuli zilizokuwa zimeshika dhahabu hubanwa kwenye nyufa zilizojitengeneza. Ni ubunifu ninaoustahi kweli. Lakini nguzo zikishainama hazinyanyuki, kwa hiyo kipande hutumika mara moja tu, na hakuna namna ya kukiosha kikarudia hali yake. Mwanafunzi wangu mmoja alijaribu kukiosha kwa ethanoli. Vilele vya sampuli ya kwanza vilibaki palepale chini ya sampuli ya pili.

Jaribio la kwanza tulilifanya kwa asidi ya merkaptobenzoiki, ile ambayo salfa yake iko upande wa pili wa duara la kaboni, ukikabiliana na kundi la asidi. Tuliichagua kwa kuwa salfa hushikamana na dhahabu kwa nguvu, kwa kuwa vilele vyake viwili vikuu vinajulikana vizuri, karibu na 1080 na 1590, na kwa kuwa haina rangi inayoweza kuusaidia ukuzaji kwa njia nyingine. (Namba hizi ni tofauti, kwa hesabu ya mawimbi katika sentimita moja, kati ya mwanga ulioingia na uliotoka.) Tulikiloweka kipande katika ethanoli yenye asidi kidogo, tukakisuuza, tukakikausha, kisha tukakipima kwa leza ya nanomita 785 yenye nguvu ya miliwati chache. Vilele vyote viwili vilisimama virefu na vyembamba katika muda wa sekunde moja. Poda ya asidi hiyohiyo ikiwa kavu juu ya kioo kitupu ilihitaji nguvu kubwa zaidi na muda mrefu zaidi, ijapokuwa poda ilikuwa na molekuli nyingi zisizo na kifani.

Kuna habari nyingine ambayo spektra hii huitoa, nayo ndiyo inayonifanya niipende kazi hii kuliko vipimo vingine vya maabarani. Poda ya asidi ina kilele karibu na 2565, kinachotokana na muungano wa salfa na haidrojeni. Juu ya dhahabu kilele hicho hutoweka, kwa sababu haidrojeni imeondoka na salfa imejifunga kwenye metali. Kadhalika, ukibadilisha uchachu wa maji yanayokigusa kipande, kilele kipana cha karibu na 1400 hukua pale kundi la asidi linapopoteza haidrojeni yake. Molekuli inakueleza imesimama vipi, imeshikwa na nini na iko katika mazingira gani. Piridini ya Southampton ilifanya vivyo hivyo: kilele chake kilicho karibu na 991 ikiwa kimiminika husogea hadi karibu na 1008 inaposhikwa na fedha kwa naitrojeni yake.

Hapa sharti niseme neno juu ya kifaa cha mkononi, maana vipande na kifaa huuzwa mara nyingi kwa pamoja. Kwa leza ya nanomita 785, kilele cha 1080 hutokea kama mwanga wa nanomita 858, na kile cha 2565 hutokea kwenye nanomita 983, mahali ambapo kamera ya silikoni inakaribia kupofuka. Kifaa chetu huishia kabla ya hapo. Kuthibitisha kutoweka kwa haidrojeni kulitulazimu kuomba kutumia kifaa kikubwa cha mezani kwingine. Anayetaka kusoma miungano ya molekuli na metali kwa undani asidhani kwamba kifaa cha mkononi kitamwonyesha kila kitu. Anayetaka kutambua dutu inayojulikana atatosheka nacho.

Na rangi ya leza si jambo la hiari. Dhahabu huukuza vizuri mwanga mwekundu na ule ulio karibu na mwekundu usioonekana. Kwa leza ya kijani ya nanomita 532 yenyewe huufyonza mwanga, na ukuzaji hushuka sana. Mwenzangu mmoja alinunua vipande vya dhahabu ilhali ana leza ya kijani, na muuzaji hakumwuliza. Mwenye leza ya kijani atafute vipande vya fedha.

Sasa nije kwenye ulinganifu. Tulichukua vipande sita vilivyowekewa asidi ileile na kupima kila kimoja katika nukta 25. Katika vipande vitano, ukiziweka spektra za sehemu ya katikati moja juu ya nyingine, ilikuwa vigumu kuzitenganisha kwa macho. Kingoni vilele vilikuwa vifupi kidogo, jambo ambalo karatasi ya maelekezo ilikuwa imelitaja kwa uaminifu. Kipande cha sita kilikuwa na pembe moja iliyokufa kabisa, isiyo na kilele chochote, na chini ya darubini tuliona mkwaruzo. Kwa bidhaa inayotengenezwa kwa vipimo vya nanomita, nayaona matokeo haya kuwa mazuri sana.

Ili mtu aelewe kwa nini nayasifu, na akumbuke kipimo kilichochapishwa na kikundi cha Dana Dlott cha Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2008. Walipima jinsi ukuzaji ulivyogawanyika juu ya tabaka la fedha lililotandazwa juu ya vitufe vidogo, wakakuta kwamba sehemu zenye ukuzaji unaozidi bilioni moja zilikuwa 63 tu katika kila milioni, lakini zilitoa asilimia 24 ya mwanga wote. Molekuli chache zilizobahatika kukaa penye ufa ndizo zinazosema kwa niaba ya umma mzima. Kipande kilichotengenezwa ovyo kitakuwa na nyufa nzuri mahali pamoja na jangwa mahali pengine, na mtu anayelenga leza kwenye nukta moja nyembamba atapata jibu jipya kila anaposogeza mkono. Kwa hiyo tulijifunza kutumia doa pana la leza, lenye upana wa makumi kadhaa ya mikromita, ili kila kipimo kichukue wastani wa nguzo nyingi.

Hilo ndilo linaloifanya namba ya ukuzaji iliyo kwenye matangazo isiwe na uzito inaopewa. Karatasi tuliyoletewa inajivunia ukuzaji wa mara milioni 100, bila kusema kwa molekuli gani, kwa leza gani, wala kama ni wastani wa kipande kizima au ni nukta moja bora iliyochaguliwa. Ili kuipata namba hiyo unagawanya mwanga unaotoka kwa kila molekuli iliyo juu ya metali kwa mwanga wa kila molekuli iliyo huru, na ugumu wote upo katika kuzihesabu zile zilizo juu ya metali. Ukikisia kwamba ni chache kuliko zilivyo, ukuzaji unapanda wenyewe kwenye karatasi. Eric Le Ru na Pablo Etchegoin, wakiwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington, New Zealand, waliyaeleza kwa kina mwaka 2007 mambo yanayopaswa kutajwa kila namba ya namna hiyo inapotolewa, na inanisikitisha kwamba miaka mingi baadaye wauzaji bado wanaiandika ikiwa tupu, kana kwamba ni uwezo wa injini ya gari.

Usafi ulitupa taabu kubwa zaidi. Pakiti ya pili ilitufikia ikiwa imefunguliwa njiani, na gesi iliyofungiwa ndani ili kuilinda dhahabu ilikuwa imetoka. Tulipovipima vipande vyake vikiwa vitupu, vinne vilitoa milima miwili mipana karibu na 1350 na 1580, ambayo kila aliyeizoea kazi hii huitambua: ni kaboni, yaani mabaki ya mivuke na mafuta yaliyoshika dhahabu na kuungua chini ya leza. Dhahabu safi hushika chochote kinachopita hewani, na sanduku la plastiki lenyewe hutoa mivuke. Tulimwandikia muuzaji, tukamtumia spektra, naye akajibu kwa heshima ndani ya wiki moja na kutuletea vingine vinne bila malipo. Kwa hilo namshukuru. Lakini lau tusingevipima vikiwa vitupu, tungeihesabu milima hiyo kuwa sehemu ya sampuli zetu.

Kosa lililofanana na hilo lilitokea mikononi mwetu wenyewe. Kwa siku tatu mwanafunzi mmoja alipata vilele vya ziada katika kila kipimo, hata katika maji matupu, na alikuwa ameanza kuyaandikia maelezo. Fundi wetu, mama aliyefanya kazi maabarani kwa zaidi ya miaka 20, alimtazama akitayarisha kipande kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusema neno, kisha akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo koleo unaifutia wapi?" Alikuwa akiifutia kwenye kitambaa kilichowahi kulowa sabuni. Tulibadilisha kitambaa na vilele vikaisha. Tangu siku hiyo hakuna kipimo kinachoandikwa daftarini kabla ya kupima kipande kitupu na kipande chenye kimiminika cha kuyeyushia pekee, na fundi ndiye anayeyatia sahihi yote mawili.

Jaribio lililotufundisha zaidi lilikuwa la aminothayofenoli, molekuli yenye salfa na naitrojeni ambayo watu wengi hupenda kuitumia kwa majaribio ya namna hii. Ukiipima juu ya fedha au dhahabu kwa leza kali, hupata vilele karibu na 1140, 1390 na 1432 ambavyo havimo katika poda yake. Kwa miaka mingi vilielezwa kuwa ishara ya elektroni kuhama kati ya molekuli na metali. Kuanzia mwaka 2010 hivi, kazi za vikundi kadhaa, vikiwamo vya China, zilionyesha kwamba vilele hivyo ni vya molekuli nyingine kabisa: aminothayofenoli mbili huungana kwa naitrojeni zao juu ya metali, zikisaidiwa na leza yenyewe. Sisi tulipunguza nguvu ya leza hatua kwa hatua, na kweli vilele hivyo vilififia huku vile vya molekuli ya awali vikibaki. Siihesabu hali hii kuwa dosari ya bidhaa. Ni tabia ya metali, na ni uwanja mzuri wa utafiti kwa anayetaka kujua jinsi mwanga unavyochochea kemia. Hata hivyo, maelekezo yanayokuja na vipande yanashauri kutumia nguvu kubwa "ili kupata ishara bora", na ushauri huo ningeuondoa.

Kwa matumizi ya kila siku, tulijaribu dawa ya kuvu iitwayo thiramu, ambayo hupakwa kwenye mbegu kabla ya kupandwa. Molekuli yake ina salfa mbili zilizoungana. Zikiifikia dhahabu muungano huo hukatika, na kila nusu hujishikiza kwa salfa zake. Tulisuuza mbegu za mahindi zilizopakwa dawa kwa methanoli, tukadondosha tone moja, na kilele kikubwa karibu na 1380 kikatokea bila shaka yoyote. Kipimo kizima kilichukua dakika zisizozidi kumi. Kwa dutu zenye salfa, na kwa nyingi zenye naitrojeni inayopenda metali, vipande hivi vinastahili kila shilingi.

Kwa dutu zisizoipenda dhahabu, hapana. Sukari ya glukosi haikuonyesha chochote hata pale tulipotumia myeyusho mzito. Na hapa nafika kwenye jambo lililonifanya, zaidi ya lingine lote, kuomba fedha za kununulia vipande hivi: sumu ya aflatoksini katika mahindi. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawajasahau mwaka 2004 nchini Kenya, ambapo watu 125 walifariki kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi kwa viwango vya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, na 5 kwa aina yake iitwayo B1. Nilitamani sana kumpa ofisa wa ghala kifaa cha mkononi na kipande cha dhahabu. Aflatoksini safi, iliyonunuliwa kwenye chupa, ilitupa vilele tulivyoweza kuvitambua. Ile iliyotoka kwenye mahindi halisi haikutupa kitu tunachoweza kukiapia, kwa sababu haina salfa ya kujifungia, na mafuta na protini za mahindi huiwahi dhahabu na kuifunika kabla yake. Kuisafisha sampuli kwanza kunawezekana, ila ukishaisafisha kiasi hicho umeshafanya kazi yote inayohitajika kwa kromatografia (njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika na kuzipima), na vijiti vya kingamwili vinavyouzwa madukani hutoa jibu kwa bei ndogo zaidi. Muuzaji anayekuambia kwamba vipande hivi vinapima sumu ya mahindi moja kwa moja ghalani, mwombe akuonyeshe spektra ya unga, si ya chupa.

Sitakuwa nimetenda haki nikiisifu bidhaa hii bila kuilinganisha na kile tunachojitengenezea wenyewe. Mwaka 1982 Lee na Meisel walichapisha njia ya kutengeneza chembe za fedha ambayo hadi leo hutumiwa duniani kote: miligramu 90 za nitrati ya fedha katika mililita 500 za maji safi, yachemshwe, kisha zidondoshwe mililita 10 za sitrati ya sodiamu ya asilimia moja, na yaendelee kuchemka kwa takriban saa moja. Maji hugeuka manjano, kisha huwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani. Katika chupa nzima kuna madini ya fedha miligramu 57 tu, nayo inatosha kwa mamia ya vipimo. Unachanganya tone la sampuli, unaongeza chumvi kidogo ili chembe zisogeleane na kutengeneza nyufa kati yao, unapima. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaifanya kazi hii kwa siku moja, na mara ya kwanza wanapokiona kilele cha rangi ya rodamini kikijitokeza kutoka kwenye maji yasiyo na rangi machoni mwao, nyuso zao huwa zinanitosha kuwa malipo.

Udhaifu wake naujua kwa undani pia. Chungu cha leo si cha jana: vyombo visipooshwa kikamilifu, au moto ukipanda haraka, chembe hutoka na ukubwa mwingine na ishara hubadilika. Sitrati iliyobaki juu ya chembe huleta vilele vyake. Chumvi ikizidi kidogo, fedha yote hushuka chini. Na hapa pwani, hewa yenye unyevu, chumvi na salfa huichakaza fedha upesi. Chupa ya kahawia iliyofungwa vizuri na kuwekwa kwenye jokofu hutusaidia kwa wiki kadhaa tu, wakati vipande vya dhahabu visivyofunguliwa vilibaki vilevile kwa miezi yote sita.

Kwa hiyo katika maabara yetu tumegawa kazi. Mafunzo, majaribio ya awali, na kila swali la "ipo au haipo" hufanywa kwa fedha tuliyoichemsha wenyewe. Swali la "ipo kiasi gani", ambalo linahitaji nukta ya leo ilingane na nukta ya mwezi ujao, hupelekwa kwenye vipande vya dhahabu, na kila sampuli huongezewa kiasi kinachojulikana cha dutu nyingine ya kulinganishia, kwa kuwa hata kipande bora hakiaminiki chenyewe bila mwenzi wa kukihakiki. Anayetaka kusoma molekuli juu ya metali nyingine, kama platinamu, vipande hivi havimfai hata kidogo. Aitazame njia iliyotolewa mwaka 2010 na kikundi cha Zhong-Qun Tian cha Xiamen, China, ambapo chembe za dhahabu zilizofunikwa kwa tabaka jembamba la silika hunyunyizwa juu ya uso wowote, zikaukuza mwanga bila dhahabu kugusana na molekuli. Wao waliinyunyiza hata juu ya ganda la chungwa wakaona mabaki ya dawa ya wadudu.

Nitaagiza pakiti nyingine mwakani, kutoka kwa mtengenezaji huyuhuyu, kwa masharti mawili ambayo ningemshauri kila mnunuzi ayaandike kwenye barua yake ya kuagiza: mzigo uambatane na spektra ya kipande kitupu kilichochukuliwa kutoka kundi hilohilo la uzalishaji, na pakiti iliyofika ikiwa imefunguliwa irejeshwe bila mabishano. Vipande vitatu vilivyobaki nimevihifadhi kwa ajili ya wenzangu wanaotaka kujaribu kabla ya kununua. Waje na sampuli yao, na waje pia na chupa ya kimiminika walichoyeyushia, kwa maana hicho ndicho tutakachokipima kwanza.